Pointi za Mzee Mahesh

Murugi alikuwa na mashine ya kusoma magonjwa ya magari, na mashine hiyo ilikuwa imempa jina Nyeri nzima. Unaichomeka chini ya usukani, inafikiri kidogo, kisha inakuambia gari linaumwa wapi, kama daktari asiyependa porojo. Watu walitoka Skuta na hata Karatina kumtafuta "yule msichana wa kompyuta," ingawa msichana mwenyewe alikuwa ametimiza miaka thelathini na sita na ana watoto wawili shuleni. Basi Alhamisi hiyo alipoitwa nyuma ya duka la vitambaa la marehemu Mahesh, alikwenda na mashine yake kwapani. Akaizunguka ile Pijo nyeupe ya mwaka wa sabini na mbili, akapiga magoti, akapapasa chini ya usukani, akakosa pa kuichomeka. Gari hilo lilizaliwa kabla kompyuta hazijaijua njia ya kuja Nyeri.

Manorama, mjane wa Mahesh, alikuwa ameketi kwenye stuli mlangoni mwa gereji, shali begani, akimtazama. Hakucheka. Alisema tu kwamba mzee wake hakuwahi kutumia mashine katika kutengeneza gari lile, alitumia masikio na miwani.

Murugi aliirudisha mashine kwenye mkoba polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akaomba aelezwe mambo yalivyoanza.

Yalianza na Dasera. Hiyo ni sikukuu ya Kihindu, siku ambayo familia ya Manorama huviheshimu vyombo vinavyowalisha. Mkasi wa dukani, rula ya kupimia vitambaa, cherehani na gari, vyote huoshwa, huvishwa maua ya manjano na kutiwa alama ya kanku, ule unga mwekundu wa baraka, uliolowanishwa kwa samli. Siku hiyo vyombo hupumzika. Kesho yake alfajiri, kila mwaka, Mahesh aliamka kabla ya jogoo, akashuka gerejini kuipasha injini moto, kisha yeye na mkewe wakateremka hadi Wang'uru kununua gunia la mchele wa pishori. Hawakukosa safari hiyo hata mwaka mmoja tangu waoane.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Mahesh alifariki. Dasera ilipofika, Manorama aliyafanya yote peke yake. Kesho yake Keval, mwanawe, akaja kutoka Nairobi ili ampeleke Wang'uru, akawasha. Injini ilizunguka, ikalia, ikachoka, isishike moto. Mafundi wawili wakaja, wakakuna vichwa, wakaondoka. Siku ya tisa Keval akampata mtu anayekusanya magari ya zamani, na mtu huyo angekuja na lori Jumamosi. Keval hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa tu na haraka ya watu wa Nairobi, na alichoka kumwona mama yake akikaa kwenye stuli baridini kulitazama gari kama anayelinda mgonjwa.

Murugi alisema atajitahidi. Alikuwa anafungua boneti wakati mama yule alipomwita karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Wifi yangu wa Leicester, kule Uingereza, alinipigia simu," alisema. "Akaniambia mjane haguzi kanku. Ati mkono ya mjane haiwezi kubariki kitu. Mimi nilicheka. Nilimwambia hiyo ni maneno ya zamani."

Akautazama mkono wake wa kulia.

"Miaka hamsini na moja nimebariki hii gari na hii mkono. Mpaka roho yake nabariki. Haijawahi kukataa kesho yake, hata siku moja. Mwaka huu Mahesh hayuko, imekataa. Sasa wewe ni fundi, Murugi, niambie ukweli. Ni gari imeharibika, ama ni mkono yangu?"

Kisha akaeleza lililomkaa rohoni. Desemba mjukuu wake Sonal angeolewa, na Sonal alikuwa ameomba nyanya yake ndiye amtie alama ya kwanza kwenye paji la uso. Manorama alikuwa hajamjibu. Kama gari lingeondoka Jumamosi likiwa limekufa, basi angejua jibu lake. Angekaa nyuma na wageni, awaachie wenye waume kazi ya kubariki.

Murugi ni mtu wa kanisa la PCEA, mambo ya kanku hayajui, lakini anajua uso wa mtu anayengoja hukumu. Alijibu kwamba magari huharibika tu, mama, hayana ubaya na mtu. Hata masikioni mwake mwenyewe jibu hilo lilikuwa jepesi.

Alifanya kazi hadi jioni. Petroli ilikuwa inafika. Betri ilikuwa mpya. Alitoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akamwomba Manorama azungushe ufunguo, na plagi ikabaki nyeusi kimya. Moto haukuwapo. Akafungua distributa, kile kikombe cheusi ambacho nyaya za plagi zote hutokea, akatazama ndani. Alikuwa amefundishwa kuhusu pointi, vile vyuma viwili vya kukatia umeme, miaka kumi na tano iliyopita, ubaoni, kwa chaki, na hakuwahi kuzigusa za kweli. Akachukua kijibati chembamba cha kupimia, akakipitisha katikati yake. Nafasi ilikuwa sehemu nne za kumi za milimita, sawasawa na inavyotakiwa. Akaridhika, akafunga, akailaumu koili, kile kikopo kinachokuza umeme wa betri.

Ijumaa asubuhi alikuja na koili nyingine. Koili ikaingia, gari likabaki pale pale. Saa sita akampigia simu Wamae, mzee aliyemfundisha ufundi na ambaye sasa amestaafu, anafuga kuku Sagana. Alimweleza yote kwa kirefu, hata yale ya koili, na Wamae alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa pointi," Wamae alisema mwishowe, "ulipima nafasi, ama uliangalia uso?"

Murugi akasema nafasi ilikuwa sawa kabisa.

"Ukipima mlango utajua upana yake. Hutajua ni nani amesimama hapo. Angalia uso. Na usiniletee mambo ya msasa hapo ndani, utazichuna. Kadi ngumu na petroli kidogo, basi."

Murugi aliomba kioo cha kukuzia ambacho Mahesh alitumia dukani kuhesabu nyuzi za vitambaa. Akawasha tochi ya simu, akaishika kwa meno, akainama ndani ya injini mpaka nywele zake zikagusa chuma. Kwa ncha ya kijiti alizitenganisha pointi mbili, akaleta kioo karibu.

Kwanza alichokiona kilimshangaza kwa udogo wake. Vidole viwili vya chuma, na mwisho wa kila kimoja uso wa mviringo usiozidi punje ya dengu. Hivyo tu. Kimoja kimesimama, kingine kinapigwapigwa na mhimili unaozunguka, vinagusana na kuachana, na kila vikiachana moto unaruka kwenye plagi moja. Alipiga hesabu akiwa bado ameinama. Toka Nyeri hadi Wang'uru, kwa mwendo wa mzee asiye na haraka, vidole hivi vinagusana na kuachana zaidi ya mara laki tatu. Laki tatu, na hakuna mara moja inayoruhusiwa kukosea. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hawakuambiwa kwamba viwili, vya ukubwa huu, vitabeba watu wawili na gunia la mchele kupanda mlima wa Karatina kwa nusu karne. Murugi, aliyezoea magari ambayo moto wake hupangwa na kisanduku kisichofunguliwa, alisogeza kioo karibu zaidi. Kitu chote kilikuwa wazi mbele yake, na bado kilikuwa ajabu.

Kisha akauona uso wenyewe.

Juu ya pointi zote mbili palikuwa na utando mwembamba mwekundu, laini, wenye ukingo wa manjano. Aligusa kwa ncha ya kijiti, akanusa. Samli.

Akabaki ameinama vile vile. Sasa alielewa maana ya "mpaka roho yake." Mama huyu hakuwa akitia alama kwenye boneti tu. Alikuwa anafungua kikombe cheusi, anaweka kanku na samli pale ambapo chuma lazima kiguse chuma kitupu. Utando ule, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ulitosha kuzuia umeme usipite. Baraka yenyewe ndiyo iliyoliua gari. Mkono wa Manorama ndio uliolizima, na hilo ndilo jambo moja ambalo Manorama alikuwa analiogopa kuliko yote.

Murugi si mwongo, lakini hapo alianza kuutunga uongo wake haraka. Angesema ni umande. Nyeri ina umande wa kutosha kubebeshwa lawama yoyote. Angezifuta pointi kimyakimya, gari lingewaka, na mama wa watu angelala. Alijinyoosha, akauliza kwa sauti ya kawaida kama kuna kadi ngumu yoyote dukani.

Manorama akasema vitu vya Mahesh vya kazi hiyo viko kwenye buti, ndani ya mkebe wa biskuti, na hakuna aliyeufungua tangu afariki. Hata wale mafundi wawili hawakuuliza.

Mkebe ulikuwa chini ya gurudumu la akiba, umefungwa kwa kitambaa cha sare za shule. Ndani mlikuwa na kijibati cha kupimia, brashi ndogo, chupa ya petroli yenye kizibo, na rundo la kadi za duka. Chini kabisa palikuwa na kifurushi cha vipande vya kadi, vyembamba kama kidole, vilivyofungwa kwa uzi wa cherehani.

Murugi aliufungua uzi. Kila kipande kilikuwa kimeandikwa mwaka kwa kalamu. Cha chini kabisa kilikuwa cha 1974, na kwenye ukingo wake palibaki namba ya simu ya duka, tarakimu nne tu. Akaendelea kuvipitia. Namba ya simu ilikua kadiri miaka ilivyokwenda, ikawa tarakimu tano, ikaongezewa nyingine, mwisho ikawa ya simu ya mkononi. Mwandiko ulianza ukiwa umesimama wima, na kufikia 2024 ulikuwa unatetemeka. Kitu kimoja hakikubadilika. Katikati ya kila kipande palikuwa na mstari wa mafuta, na ndani ya mstari huo alama nyekundu.

Aliketi kwenye ukingo wa buti. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ilikuwa imekaa kimya miaka hamsini na moja. Mahesh hakuwa akiamka alfajiri kuipasha injini moto. Alikuwa anashuka gizani na tochi yake, anafungua kikombe, anapitisha kadi kati ya zile pointi, anaiondoa baraka ya mkewe kwa upole ili gari liwake, na mkewe aendelee kuamini kwamba linawaka kwa sababu ya baraka. Kisha hakuitupa kadi. Aliiandika mwaka, akaihifadhi. Murugi alimfikiria mume wake mwenyewe, mtu mwema, ambaye hajawahi kunyamaza juu ya kosa lake hata la chumvi kwenye mchuzi. Akamfikiria mzee huyu aliyenyamaza hadi kufa kwake. Machozi yalimlenga, na hakujisumbua kuyaficha.

Uongo wa umande ukamtoka kichwani. Alichukua mkebe, akaenda mlangoni, akachuchumaa mbele ya stuli.

"Mama," alisema, "nimepata ugonjwa. Ni kanku. Iko kwa pointi, hapo ndani, na samli. Umeme haiwezi kupita."

Uso wa Manorama ulizimika. Aliurudisha mkono wake wa kulia ndani ya shali.

"Basi ni mkono yangu."

"Ngoja, mama. Kwanza uangalie hizi."

Akammiminia vile vipande mapajani. Manorama alivaa miwani. Alichukua kimoja, akakisoma, akakinusa. Akachukua cha pili. Hakuuliza chochote, maana hakuna anayeijua harufu ya samli yake kama aliyeipika. Alivipanga juu ya paja kimoja kimoja, midomo ikihesabu kwa Kigujarati, mpaka akafika kwenye mwaka mmoja uliokuwa na vipande viwili, vyekundu kweli kweli.

"Sabini na tisa," alisema. "Keval alikuwa amezaliwa. Nilikuwa na furaha, nikaweka mingi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka shali ikaanguka, mpaka muuzaji wa dukani akachungulia kujua kuna nini, na katikati ya kicheko kile kilio kikaingia, vyote viwili vikaenda pamoja muda mrefu. Murugi aliokota shali, akamrudishia mabegani, akangoja.

"Miaka hamsini na moja," Manorama alisema alipopata pumzi. "Nikikaa hapo kando yake kwa gari, najisifu. Namwambia, unaona, Mahesh, imewaka mara moja. Na yeye anasema, naona."

"Mkono yako iko vile imekuwa, mama," Murugi alimwambia. "Gari ilikuwa inakataa kila mwaka. Ni vile mzee alikuwa anaamka mapema."

Manorama aliutoa mkono ndani ya shali, akautazama kwa muda, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimepotea. Kisha akainuka. Alisema kazi iliyobaki ataifanya yeye.

Murugi alimkatia kipande cha kadi mpya, akakilowesha petroli kidogo, akazifungua pointi kwa kijiti na kukiweka katikati. Zikakibana. Manorama aliinama juu ya injini kwa miaka yake yote sabini na minne, akakivuta taratibu, na kikatoka na mstari mwekundu. Walirudia kwa kipande kikavu mpaka kikatoka cheupe. Kisha Murugi akawasha swichi ya gari, akamwambia atazame, akazitenganisha zile pointi kwa kijiti. Cheche ya buluu ikaruka kati yake, ndogo kama tundu la sindano, ikatoa mlio mdogo. Wanawake wawili walikuwa wamegusana vichwa, na hakuna aliyependa kuwa wa kwanza kujinyoosha. Murugi akarudia. Ikaruka tena. Alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na tano, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona moto wa gari ukizaliwa.

Walifunga kikombe. Manorama ndiye aliyezungusha ufunguo. Injini ilizunguka mara mbili, ikakohoa vumbi la siku kumi, ikashika. Ikatulia kwenye mlio wake wa chini ambao majirani walikuwa wameukosa, na mwenye duka la dawa upande wa pili akatoka nje kutazama. Manorama aliuweka mkono wake wa kulia juu ya boneti, akauacha pale, chuma kikitetemeka chini ya kiganja chake.

Alimpigia Keval palepale, injini ikinguruma nyuma yake, akamwambia amwambie yule mtu wa lori asijisumbue. Halafu akamwambia amfikishie Sonal ujumbe, kwamba nyanya yake atakuwa mbele siku ya harusi, na alama ya kwanza ni yake. Keval aliuliza maswali mengi. Mama yake alimjibu kwamba gari linangoja, maana kesho wanakwenda Wang'uru, na yeye aje mapema kama anataka nafasi.

Murugi alikuwa ameokota kile kipande chekundu. Alikipuliza kikakauka, akakiandika mwaka huu, akakiweka juu ya vingine na kuvifunga kwa uzi ule ule. Manorama alimtazama mpaka mkebe uliporudi mahali pake.

"Sasa mwaka ujao," aliuliza, "nisiweke?"

"Weka, mama. Weka vile umezoea. Niambie tu tarehe, nitakuja kesho yake."

"Mahesh alikuwa anaamka saa kumi na moja."

"Basi nitakuja saa kumi na moja."

Manorama akajifunga shali vizuri.

"Sawa," alisema. "Mimi nitajifanya nimelala."